Kompyuta ya Boti Tatu

Papa Rachidi aliingia kwenye kibanda changu Jumatatu asubuhi, akavua kofia, akaketi kabla sijamkaribisha, akasema anataka ordinatere, yaani kompyuta, ya kuchezea michezo. Nilimtazama vizuri. Mzee wa miaka hamsini na minane, mfanyabiashara wa ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwa letu, mwenye simu ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira ili betri isianguke. Nikamwambia kama amekuja kunitania, leo siyo siku yake, maana tangu alfajiri umeme ulikuwa umekatika mara nne na nilikuwa na printa ya watu imefunguliwa mezani.

"Sitanie, Mama Lydie," alisema. "Ni ya Maliki. Amesema akiipata atabaki."

"Atabaki wapi?"

"Hapa. Ku nyumba."

Hapo nikaweka bisibisi chini.

Mwaka ule Bukavu, kaskazini mwetu, ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi mwezi wa pili, na kwa wiki nyingi boti kutoka Uvira zilitushushia watu badala ya mizigo. Shule zilijaa magodoro. Kule kambini Katanika, waliokimbia vita nyingine ya kabla ya hapo walikuwa bado hawajarudi makwao, na sasa walipata majirani wapya. Askari waliopoteza vikosi vyao walizunguka sokoni wakiuliza bei ya vitu wasivyoweza kununua. Na vijana wetu, waliomaliza shule wakakaa bila kazi, walianza kuondoka mmoja mmoja kujiunga na kundi la kujilinda lililokuwa likikusanya watu upande wa Kabimba. Jina la kundi silitaji, kwa sababu kila wiki lilikuwa na jina jipya.

Mimi si mtu wa siasa. Ni fundi wa kompyuta, mzaliwa wa Moba, miaka kumi na miwili kwenye kibanda hiki cha barabara ya kushuka bandarini. Ninachojua ni kwamba vijana walioniletea simu zao mwaka uliotangulia, mwaka ule waliozileta walikuwa mama zao, wakitaka niwafungulie waone picha za wana wao waliokwenda. Kazi hiyo nilikuwa naifanya bure na nilikuwa naichukia.

"Juu ya nini usimupe pikipiki?" nilimwuliza. "Afanye taxi kama wenzake."

"Pikipiki inatembea," alisema. "Miye nataka kintu yenye haitembee."

Nilichukua karatasi.

Niseme kidogo juu ya mzee huyu, maana kwa nje hana cha kusimulia. Ni wa zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja na biashara ya ziwa wakaoa hapa, wakabaki. Nguo zake ni safi daima na daima zina harufu ya ndagala, hata Ijumaa. Hapigi kelele, hacheki sana, na akitembea huinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, bega ambalo alibebea magunia tangu ujana. Mwaka wa tisini na saba, wanajeshi waliokuwa wakielekea Kinshasa walipopita hapa, mdogo wake Mahmoudi aliwafuata. Alikuwa na miaka kumi na saba. Walipata salamu zake mara moja, kutoka Kisangani, kwa mdomo wa dereva mmoja, basi. Mpaka leo familia haijamsomea hitima, kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika kwamba amekufa, wala hakuna mwenye moyo wa kusema yu hai. Ikaja vita ya pili, Rachidi akaipitisha akiuza chumvi robo robo. Sasa ilikuwa ya tatu, na aliponiambia "nimechoka, Mama Lydie," alisema kama mtu anayetaja anwani yake.

Mke wake alifariki zamani. Binti zake wameolewa. Nyumbani amebaki na Maliki, kitinda mimba, miaka ishirini, diploma ya serikali ya kumaliza sekondari ukutani na mikono mitupu. Chuo kilikuwa Lubumbashi, na Lubumbashi ilikuwa mbali kuliko pesa zao.

Maliki alikuja mwenyewe kesho yake, na ukurasa wa daftari. Alikuwa ameandika vipande vyote vya kompyuta anayoitaka, kwa mwandiko mzuri wa shule ya kitawa, akipigia mistari kwa rula. Nikasoma. Nilipofika katikati nikavua miwani.

"Nani alikufundisha haya?"

"Video, Mama Lydie."

"Basi mwenye kutengeneza ile video anauza makadi."

Maana alikuwa ametenga zaidi ya nusu ya pesa za baba yake kwa kadi ya michoro, ile inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha mashine chenye kufikiri, alikuwa ameiwekea kiasi cha kununua viatu. Kumbukumbu kidogo mno. Sanduku la kuvalia vyote, lenye kioo ubavuni na taa za rangi saba. Na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, alimantasio, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vipande vingine: alichagua kisicho na jina, cha bei ya kuku wawili.

Nilimkalisha. Nilimweleza kwamba kadi kubwa yenye prosesa dhaifu itakaa ikingoja kama mpishi hodari asiyeletewa kuni. Tulichagua prosesa ya Ryzen 5, ya kizazi kilichopita lakini yenye viini sita. Kadi ya michoro ya katikati, yenye gigabaiti nane zake yenyewe, inayotosha kwa michezo yote ya mpira na ya magari anayoijua. Kumbukumbu gigabaiti kumi na sita, kwa fito mbili za nane nane, maana mbili zinafanya kazi kwa kupokezana na moja haina wa kumpokea. Karti mere, ule ubao unaobeba vyote, nikasema uwe wa kawaida na usio na mapambo. Diski iwe kubwa, na ije imeshajazwa michezo dukani huko huko Dar es Salaam, kwa sababu kupakua mchezo mmoja kwa intaneti yetu ni kazi ya mwezi mzima na bei ya kundi la ng'ombe wa Pepa.

"Sasa hii alimantasio yako," nikasema, "hii ni ya kuua vyote vile vingine."

Papa Rachidi alikuwa amekaa pembeni muda wote, mikono juu ya magoti. Hapo akainua kichwa. "Inaua?"

Nikamweleza. Umeme wetu unatoka kwenye mtambo wa maji wa Bendera, na njiani unapanda na kushuka utafikiri una homa. Kisanduku duni kinauacha upite ulivyo. Siku moja unapiga, na kadi, na ubao, na kila kitu vinanuka moshi. Nimezika mashine nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo alimantasio iwe ya kweli, wati mia tano na hamsini, yenye dhamana, na mbele yake ikae regilateri ya kutuliza umeme. Nilipunguza daraja moja la kadi ili zipatikane pesa za hivyo viwili. Maliki alinuna. Nikafuta na taa za rangi.

"Muache taa," Papa Rachidi akasema.

"Papa Rachidi, taa hazichezi."

"Najua. Lakini muache. Mutu anapenda kuona kintu yake."

Maliki akamtazama baba yake, halafu akatazama chini. Nikaandika tena taa za rangi saba, nikishika kalamu kwa hasira, na ukubwa wa diski ukapungua nusu. Mpaka leo naona ilikuwa ujinga.

Kabla hawajaondoka nilimwuliza kijana mbele ya baba yake kama ahadi yake ni ya kweli. Alisema ndiyo. Angefungua chumba cha mbele, vijana walipe kwa nusu saa, yeye aweke filamu kwenye simu za watu, ahariri video za harusi. "Nitangojea mpaka iwake," alisema. "Ikishawaka, njo nitaamua." Papa Rachidi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akiamini kwamba taa na michezo vitamaliza maneno. Mimi nililisikia lile neno la mwisho na sikulipenda, lakini halikuwa langu kulisema.

Vipande vilinunuliwa Dar na binamu yake Papa Rachidi, Mama Zabibu, aliyeolewa Kigoma. Baada ya wiki tatu akapiga simu: vyote viko kwake, vizima, tayari kuvuka. Nikasema alhamdulillahi, mimi Mkatoliki, kwa ajili yake. Ndipo mzee akanieleza namna atakavyovivusha, na nikakaribia kumfukuza kibandani.

Katika familia ile mzigo hauvuki kwa boti moja. Babu yake aliwahi kuweka kila alichokuwa nacho kwenye mashua moja kutoka Ujiji, nayo ikalala chini ya ziwa. Tangu hapo watoto na wajukuu wake hugawa mzigo mafungu matatu, boti tatu, wiki tatu, hata ukiwa mzigo wa mabeseni ya plastiki. Wameishi hivyo kwa miaka karibu mia na hawajafilisika. Bandarini watu huwacheka, halafu ziwa likichafuka wanaacha kucheka.

"Hii siyo chumvi, Papa Rachidi!" nilimwambia. "Nusu ya chumvi ni chumvi. Nusu ya ordinatere ni takataka!"

"Boti moja ikizama?"

"Ikizama na kipande chochote, umepoteza vyote! Huoni? Kwako wewe boti tatu ni hatari mara tatu!"

Alifikiri. Niliona anafikiri kwa haki, kichwa kimeinama upande wa kushoto. Halafu akasema, kwa upole ule wake unaochosha, "Siwezi, Mama Lydie. Hata nikitaka. Mukono yangu utakataa."

Boti ya kwanza ilileta sanduku, kioo cha kutazamia na kibodi. Boti ya pili ilileta ubao, prosesa, kumbukumbu, kadi na diski, vyote vimefungwa ndani ya vitenge. Boti ya tatu, yenye alimantasio na regilateri, ilikuwa inapakia Kigoma siku watu wenye silaha walipoteka mashua moja kaskazini. Amri ikatoka kwamba hakuna kuvuka mpaka hali itulie. Bandari ikanyamaza. Bei ya mafuta ya kupikia ikapanda juu, na mimi nikawa natembea mjini nikiongea peke yangu, nikimsema babu wa watu aliyekufa zamani.

Hata hivyo nilikwenda nyumbani kwao kufunga vilivyofika. Ni nyumba ya matofali mekundu, chumba cha mbele kimepakwa chokaa upya kwa ajili ya biashara. Niliketi chini kwenye mkeka, Maliki akinishikia tochi. Nilikaza ubao, nikalaza prosesa, nikabana fito za kumbukumbu mpaka zilie, nikasimamisha kadi. Kijana alikuwa na mikono mizuri, hakugusa asipoambiwa. Ndani ya saa mbili mashine ilikuwa imekaa mezani, nzuri kweli, kioo ubavuni, taa zake zimezimika. Ilibaki tundu moja tupu nyuma, la ukubwa wa tofali.

Ndipo Pontien akaingia.

Pontien nilimjua tangu alipokuwa akiniletea simu zilizoanguka majini. Alisoma darasa moja na Maliki. Sasa alikuwa wa kundi lile la Kabimba, akivaa shati la kijeshi, suruali ya kawaida na sandali za plastiki, na kila wiki mbili alishuka mjini kuzungumza na rafiki zake wa zamani. Alimsalimu Papa Rachidi kwa heshima, akanisalimu na mimi, akaizunguka mashine akiitazama.

"Maliki, tunaenda lini?" aliuliza. "Wakubwa wananiuliza."

"Bado," Maliki akasema. "Nangojea alimantasio. Iko Kigoma."

"Ah. Iko Kigoma."

Na Pontien akakubali, bila ubishi. Asiye wa hapa anaweza kushangaa, lakini sisi tumelelewa hivyo. Anayengoja mzigo kutoka ng'ambo hadaiwi kitu kingine. Hahudhurii mkutano, hasafiri kwenda kijijini, hata kwenye msiba watu wanasema muacheni, anangoja mzigo. Mtu akiondoka mzigo ukafika hayupo, mzigo si wake tena, ni wa mjanja wa kwanza. Kila mama wa sokoni, kila mbebaji, kila askari aliyezaliwa mji huu anajua hivyo. Pontien alikunywa maji, akaaga, akarudi kwao Kabimba peke yake.

Papa Rachidi alikuwa mlangoni. Niliona alivyomsindikiza kwa macho mpaka kijana alipopotea kwenye kona, na niliona jambo fulani likipita usoni pake, lakini nilidhani ni woga tu.

Boti zilizuiwa wiki tano. Pontien alikuja tena mara mbili, akajibiwa vile vile. Halafu amri ikaondolewa, bandari ikapata sauti, na kila siku nikawa nangoja kuitwa nikamalizie kazi. Sikuitwa. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Nilipokutana na Papa Rachidi sokoni nikamwuliza, naye akasema mzigo haukuonekana.

"Haukuonekana namna gani? Mama Zabibu anasema nini?"

"Anasema aliutuma. Labda umepotea," akasema, akigeuza ndagala zake kwa kiganja.

Niliumia. Niseme ukweli, niliumia kuliko nilivyotegemea. Niliona ile mashine imekaa na tundu lake nyuma, na yule kijana anayehesabu siku, na Pontien anayerudi kila wiki mbili na subira yake. Ikiwa mzigo umepotea, hakuna cha kungoja tena. Sikulala vizuri siku kadhaa. Jumamosi nilifunga kibanda mapema, nikageuza kompyuta yangu mwenyewe, ile ninayofanyia kazi, ninayolipia kodi ya nyumba, nikaitoa alimantasio yake. Wati mia tano, imara, niliinunua Lubumbashi miaka minne iliyopita. Nikaipuliza vumbi, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nilijisemea nitafanya kazi kwa mashine ya zamani mpaka Mungu alete nyingine.

Jumapili baada ya misa nikaenda moja kwa moja kwao, na viatu vya kanisani, nikiwa najiona mwema kupita kiasi.

Maliki alinifungulia. Papa Rachidi alikuwa anakunywa chai chumba cha mbele, karibu na mashine. Nikaiweka alimantasio mezani, nikaifungua mbele yao.

"Leo inawaka," nikasema.

Nilitegemea watafurahi. Mzee aliweka kikombe chini, chai ikamwagika kwenye sahani, na uso wake ukabadilika mpaka nikadhani amepatwa na ugonjwa.

"Ile ni yako, Mama Lydie," akasema. "Siwezi kukubali."

"Utanirudishia."

"Imezeeka ile. Italipuka."

"Nimeipima jana."

"Haitaenea mu tundu."

"Matundu yote ni sawa, Papa Rachidi. Tangu lini wewe ni fundi?"

"Leo Jumapili," akasema. "Wewe ni Mukristo, haufanye kazi."

Sasa nilianza kukasirika. Nimevunja mashine yangu, nimetembea juani, na mtu ananifundisha dini yangu. Nilishika bisibisi nikavuta sanduku. Papa Rachidi akasimama akaweka kiganja juu ya kioo cha ubavuni. Tukatazamana pale, watu wazima wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa kompyuta.

"Mama Lydie," Maliki akasema nyuma yangu. "Rudisha ile yako. Yetu iko."

Nikageuka, bisibisi mkononi.

"Iko mu gunia ya muchele, chini ya kitanda ya Papa. Na regilateri iko pale pale. Niliiona ile siku yenye ilifika. Nilikuwa natafuta muchele."

Papa Rachidi hakuondoa mkono. Alisema, bila kumtazama mwanawe, "Iko wiki mbili."

"Wiki mbili na siku tatu," Maliki akasema.

Mzee akaketi polepole. Akaanza kueleza, na alieleza kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganywa. Kwamba siku ile Pontien alipotoka aliona wazi kinachomshika kijana. Si mchezo, si taa. Ni kungoja. Kwamba mzigo ulipofika alifungua, akaushika mkononi, na akakumbuka neno la Maliki, ikishawaka nitaamua. "Sikutaka aamue," alisema. "Mahmoudi aliamua. Miye ninaogopa kuamua kwa vijana." Halafu akalia. Sijawahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia bila kujifunika, na nilitamani nisiwe pale.

Maliki alichuchumaa mbele ya baba yake.

"Papa, unajua juu ya nini sikusema kintu?"

Mzee akatikisa kichwa, hajui.

"Siwezi kuwaambia sitaki kwenda. Wataniita muoga, watakuja hapa usiku. Na wengine ni wenzangu, wamekufa kule. Siwezi kusema sitaki." Alishika magoti ya baba yake. "Lakini nikisema nangojea mzigo, wanaelewa. Kila akikuja Pontien namwambia, bado kipande kimoja. Nilikuwa naogopa tu wewe utaichoka ile gunia, utaitoa."

Baba na mwana walikuwa wameficha kitu kimoja kwa wiki mbili na siku tatu, kila mmoja akimficha mwenzake, katika nyumba ya vyumba vitatu. Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilikuwa nimechoka ghafla, nimechoka na ile nchi nzima, ambamo kijana wa miaka ishirini hawezi kusema sitaki kufa mpaka apate kisingizio cha waya na bati.

Papa Rachidi alijifuta uso kwa kofia yake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya biashara, ile ya sokoni:

"Mama Lydie, kipande gani ingine yenye ikikosa, mashine haiwake?"

Miaka kumi na miwili watu wananilipa niwashe vitu. Nikaketi kwenye mkeka na viatu vyangu vya kanisani, nikafungua ubavu, nikabonyeza vibano viwili, nikachomoa zile fito za kumbukumbu. Ni vitu vyepesi sana. Nilimwekea mzee mkononi, akavitazama, akanirudishia.

"Peleka kwako," akasema. Halafu kwa mwanawe, "Sema viwili. Sema vinabakia viwili."

"Viwili," Maliki akasema.

Nikazifunga ndani ya leso nikaondoka. Nyumbani nikairudisha alimantasio yangu mahali pake, na Jumatatu nikafanya kazi kama kawaida, kwa kadiri umeme ulivyoruhusu.

Siku tisa baadaye, saa nne asubuhi, Pontien alisimama mbele ya kibanda changu. Shati lile lile, limefifia zaidi, na mguu mmoja umefungwa bandeji chafu. Alikuwa amekonda. Nilimwonyesha benchi, hakukaa.

"Nilipita kwa Maliki," alisema. "Ananiambia sasa ni vipande viwili."

"Ndiyo. Viwili."

"Vitafika lini?"

"Wewe unajua boti za Kigoma," nikamwambia.

Alikubali kwa kichwa. Nilidhani ataenda. Alisimama akitazama rafu yangu ya mashine zilizokufa, akakwaruza bandeji kwa kidole, akatazama barabarani kulia na kushoto.

"Mama Lydie," akasema kwa sauti ya chini, "mutu akitaka kuanza kununua ordinatere pole pole, kipande kimoja kimoja, anaanza na nini?"

Nilimtazama usoni mpaka akainamisha macho. Nikamwambia akae, na safari hii akakaa. Nikavuta karatasi, nikaandika jina lake juu. Tulianza na sanduku, kwa sababu ndilo la bei ndogo, linaonekana na kila apitaye, na peke yake halifanyi kitu chochote.